Lahaja na Haki: Kikurdi na Kitelugu

Watu wapendao elimu ya lugha wamezoea kuulizana swali moja kila wakutanapo na usemi wasioujua: je, hii ni lugha, au ni lahaja tu? Swali huulizwa kwa utulivu, kama mtu aulizavyo kama mche ulio mbele yake ni wa mwembe au wa mkorosho, na jibu hutazamiwa kutoka kwa mtaalamu. Msemaji mwenyewe wa usemi huo hana utulivu kama huo. Akiambiwa kwamba maneno aliyonyonya pamoja na maziwa ya mama yake ni lahaja tu, hujua mara moja kwamba katika neno lile dogo la mwisho mna hukumu, na kwamba nyuma ya hukumu hufuata gharama. Atatakiwa ajifunze usemi wa jirani yake ili asome, aandike, ashitaki na ajitetee. Jirani yake hatatakiwa kujifunza wake. Kwa hiyo swali hili, ambalo kwa sura yake ni la sarufi, ni swali la haki vile vile. Nani amempa nani uwezo wa kukata shauri hilo, na yule aliyepunguziwa hulipwa nini?

Swali hili laweza kupimwa kwa lugha mbili ambazo hazikuwekwa pamoja mara nyingi, yaani Kikurdi na Kitelugu. Lugha hizi hazina udugu wowote. Kikurdi ni cha jamaa ya lugha za Kiirani, pamoja na Kiajemi. Kitelugu ni cha jamaa ya Kidravidi ya India ya kusini, pamoja na Kitamil na Kikannada. Sababu ya kuzilinganisha si asili yake, bali ni mitihani iliyozipata. Lahaja za Kikurdi ziko mbali mbali kwa sarufi, wasemaji wake wamegawanyika katika nchi nne, hati zake ni zaidi ya moja, na hapana dola iliyopata kuzikusanya. Lahaja za Kitelugu ziko karibu karibu, zina hati moja na maandiko ya karne nyingi, na tangu mwaka 1956 wasemaji wake walio wengi waliwekwa chini ya serikali moja ya jimbo. Mtu asiyejua habari zao angetabiri kwamba Wakurdi wangekuwa wamekwisha kuachana, na kwamba Watelugu wangekuwa kitu kimoja. Mambo hayakwenda hivyo.

Makadirio ya wasemaji wa Kikurdi hutofautiana sana, kwa kuwa serikali zilizowatawala hazikupenda siku zote kuwahesabu. Mengi huanzia milioni 25 na kupanda. Walio wengi zaidi husema Kikurmanji: Wakurdi wa Uturuki, wa Syria, wa kaskazini ya Irak na wa Armenia. Kisorani kinasemwa Sulaymaniyah na Erbil katika Irak, na Mahabad na Sanandaj katika Iran. Kusini zaidi, katika pande za Kermanshah na Ilam, mna lahaja za kundi la tatu. Pembeni mwa hizo ziko Kizazaki katika Uturuki na Kihawrami katika milima ya mpaka wa Iran na Irak, ambazo habari yake itakuja baadaye, maana ndizo zenye kuutia mashaka mpango wote.

Tofauti baina ya Kikurmanji na Kisorani si ya matamshi tu. Ya matamshi ni nyepesi, na mwanafunzi huizoea kwa siku moja: maji ni *av* kwa Kikurmanji, na *aw* kwa Kisorani, usiku ni *şev* huku na *şew* kule, tufaha ni *sêv* na *sêw*. Iliyo nzito ni ya sarufi. Kikurmanji kimehifadhi jinsi ya kiume na ya kike katika majina, hata nyumba ikawa *mala min* na farasi akawa *hespê min*, kila jina na kiungo chake, kama vile msemaji wa Kiswahili asemavyo "nyumba yangu" lakini "farasi wangu". Kisorani kimeyaacha hayo, na kiungo chake ni kimoja: *malî min, espî min*. Katika wakati uliopita tofauti huwa kubwa zaidi. Mkurmanji akisema kwamba alikula tufaha, kitenzi chake hakimfuati mlaji bali hulifuata tunda: *min sêv xwar* likiwa moja, *min sêv xwarin* yakiwa mengi. Msorani humchukua mlaji akambandika nyuma ya tunda lenyewe: *sêwim xward*. Mtu wa Diyarbakır na mtu wa Sulaymaniyah wasiopata kuzoeana wakikutana njiani wataelewana katika salamu, mkate na maji. Wakianza kujadiliana siasa au kusimuliana habari ndefu, watahitaji subira kubwa.

Juu ya tofauti hizo za asili wanadamu waliongeza nyingine. Celadet Alî Bedirxan alianzisha gazeti la *Hawar* mjini Damascus mwaka 1932 na kulisimamisha juu ya herufi za Kilatini, na herufi hizo ndizo zinazotumiwa na Wakurmanji wengi hata leo. Huko Irak, Kisorani kiliingia shuleni wakati wa mamlaka ya Waingereza, kikaandikwa kwa herufi za Kiarabu zilizoongezwa alama za irabu. Katika Armenia ya Kisovieti Wakurdi walipewa herufi za Kilatini, na baadaye za Kirusi. Hivyo Mkurmanji wa Duhok, anayeandika kwa herufi za Kiarabu, asingeweza kusoma barua ya nduguye wa Yerevan, ingawa angeisikia ikisomwa angeielewa yote. Katika Uturuki shida haikuwa hati bali ruhusa. Sheria ya mwaka 1983 ilikataza kutangaza na kuchapa habari kwa Kikurdi, nayo haikufutwa mpaka mwaka 1991. Mwaka huo huo Leyla Zana alipoapishwa bungeni aliongeza sentensi moja ya Kikurdi mwishoni mwa kiapo chake, bunge likapiga makelele. Televisheni ya serikali ya lugha hiyo ilianza mwaka 2009, na somo la hiari mashuleni mwaka 2012. Mpaka mwaka 2013 herufi tatu, *q*, *w* na *x*, zilikuwa haziruhusiwi katika karatasi za serikali kwa sababu hazimo katika alfabeti ya Kituruki ya mwaka 1928, na mzazi aliyetaka kumpa mtoto wake jina lenye mojawapo ya herufi hizo alirudishwa mlangoni. Ni ajabu kwamba dola yenye jeshi kubwa iliogopa herufi tatu.

Walakini ukimwuliza Mkurmanji na Msorani, aghalabu kila mmoja atajibu kwamba anasema Kikurdi, na kwamba yule mwingine pia anasema Kikurdi. Ushuhuda huu si wa jana. Sharaf Khan Bidlisi, katika *Sharafnama* aliyoimaliza mwaka 1597 kwa Kiajemi, aliwagawa Wakurdi katika makundi manne, Kurmanj, Lur, Kalhur na Guran, akasema kwamba semi zao na desturi zao zinatofautiana. Wala hakuona kwamba kutofautiana huko kunawatoa katika jina moja. Karne iliyofuata Ehmedê Xanî alitunga *Mem û Zîn* kwa Kikurmanji akijua kwamba washairi wakubwa wa siku zake walitukuza Kiajemi. Basi nia ya kuwa kitu kimoja ilitangulia shule, gazeti na redio. Iliwezekana kwa sababu gani? Sababu moja ni uchungu. Aliyewakataza hakuwauliza ni wa lahaja gani. Katazo liliwapiga wote kwa fimbo moja, na walipogeuka kutazama nyuma walijikuta wamesimama pamoja.

Kwa Watelugu mambo yalikuwa rahisi zaidi kwa nje. Hesabu ya watu ya India ya mwaka 2011 iliwakuta zaidi ya milioni 81. Wataalamu huzigawa lahaja zao katika sehemu nne: ya kati, yaani wilaya za delta ya mito Krishna na Godavari, ya mashariki, yaani Visakhapatnam na Srikakulam, ya kusini, ambayo humo mna Rayalaseema, na ya kaskazini, yaani Telangana, nchi ya Hyderabad na Warangal. Mtu wa pwani husema *vachanu*, "nimekuja", na wa Telangana husema *vachina*. "Wapi" ni *ekkada* huku, na kule ni *yada*. Neno la kuulizia "nini" ni *enti* kwa huyu na *endi* kwa yule. Hapana katika hayo jambo la kumshinda msikilizaji. Mtu wa Vijayawada akifika Warangal ataagiza chakula, atapatana bei na atagombana na mwenye nyumba bila mkalimani.

Vita vya kwanza vya Kitelugu katika nyakati za karibu havikuwa vya jimbo na jimbo, bali vya kitabu na kinywa. Chinnaya Suri wa Madras alitoa sarufi yake, *Bala Vyakaranamu*, mwaka 1858, akaithibitisha lugha ya kimaandiko iliyofuata kanuni za washairi wa kale. Mtoto aliyeingia shule alikuta lugha hiyo, ambayo hapana mtu aliyeisema sokoni wala jikoni. Gidugu Ramamurthy, mwalimu aliyezaliwa mwaka 1863, alisimama kuipinga. Mtu huyu alikuwa amekwisha kujifunza lugha ya Wasavara, watu wa milimani waliodharauliwa, na kuitungia vitabu. Huenda kazi hiyo ndiyo iliyomfundisha kwamba lugha haihitaji kuwa na washairi wa kale ndipo iwe na kanuni. Mwenziwe, Gurajada Apparao wa Vizianagaram, alikuwa ameandika tamthilia ya *Kanyasulkam* kwa maneno ya watu walio hai. Ilichezwa mara ya kwanza mwaka 1892. Wapinzani wao, wakiongozwa na Jayanti Ramayya, waliunda chama cha kuilinda lugha ya vitabu mwaka 1911. Hoja zao hazikuwa za kipumbavu. Walisema: lugha ya kale si ya mkoa wowote, kwa hiyo hapana mkoa utakaoona wivu, mkiiacha mkashika lugha ya vinywani, itawapasa mchague kinywa cha nani.

Hoja hiyo ilishindwa, na hapana shaka ilistahili kushindwa, maana haki haipatikani kwa kuwanyima wote sawasawa. Lakini ndani yake mlikuwa na neno la kweli ambalo washindi hawakulipima vya kutosha. Gidugu na Gurajada walikuwa watu wa pembe ya kaskazini-mashariki. Walichokipigania ni usemi wa watu kwa jumla. Kilichokuja kukaa katika magazeti, redioni na vitabuni ni usemi wa wasomi wa wilaya za delta, nchi yenye mifereji, mpunga, shule za mapema na mitambo ya kupiga chapa. Hapana mkutano uliokaa ukaamua hivyo. Mali iliamua, na baadaye watu wakaanza kusema kwamba usemi ule ulichaguliwa kwa kuwa ni safi.

Telangana ilikuwa imefuata njia nyingine. Ilikuwa chini ya Nizam wa Hyderabad, na lugha ya serikali yake ilikuwa Kiurdu. Hata Chuo Kikuu cha Osmania, kilichoanzishwa mwaka 1918, kilifundisha kwa Kiurdu. Mwaka 1921, katika mkutano wa watu waliotaka kutengeneza desturi za jamii mjini Hyderabad, wakili mmoja alisimama kuzungumza Kitelugu akazomewa na wajumbe wa lugha nyingine. Kutokana na aibu ile Watelugu wa Hyderabad waliunda chama chao, wakafungua maktaba na kusomeshana. Kwa upande wa pili, katika nchi iliyotawalwa na Waingereza, Potti Sriramulu alifunga asile mpaka akafa tarehe 15 Desemba 1952, akidai jimbo la Watelugu. Jimbo la Andhra likazaliwa mwaka 1953, na tarehe 1 Novemba 1956 Telangana ikaunganishwa nalo. Hapo ingeonekana kwamba kilio kimekwisha. Waliozomewa kwa sababu ya Kitelugu sasa wamefika kwa ndugu zao.

Ndugu zao waliwacheka. Si wote, wala si kwa sheria. Hapana sheria ya Andhra Pradesh iliyokataza usemi wa Telangana. Ilikuwa ni mambo madogo madogo ambayo hakimu hawezi kuyaandikia hukumu. Waandishi wa Telangana wamelalamika kwa miaka mingi kwamba katika sinema msemaji wa lahaja yao alikuwa mchekeshaji, mtumishi au mhuni, na shujaa alisema kama mtu wa delta. Kwamba mtoto aliyeandika kama alivyosikia nyumbani alisahihishwa kana kwamba amekosea. Kwamba mtu aliyetafuta kazi alijifunza kuficha kinywa chake. Palkuriki Somanatha, mshairi wa karne ya 13 anayehesabiwa kuwa mtu wa pande za Warangal, ndiye aliyezitia nguvu bahari za ushairi wa kienyeji dhidi ya zile za Kisanskriti; hata hivyo wajukuu wa nchi yake waliambiwa kwamba usemi wao hauna adabu ya maandishi.

Mfano mmoja watosha kuonyesha namna hukumu hizo zilivyokuwa. Mtu wa Telangana huita hospitali *davakhana*, neno alilolipata katika Kiurdu, nalo limejengwa juu ya *dawa* lile lile la Kiarabu ambalo msomaji wa Kiswahili analo. Mtu wa pwani huita *asupatri*. Neno la kwanza lilionekana kuwa dalili ya lugha iliyochafuliwa na watawala wageni. La pili halikuonekana hivyo, ingawa ni neno la Ulaya lililovikwa irabu za Kitelugu. Barabara nayo ni *sadak* kwa wa kwanza na *roddu* kwa wa pili, na habari ni ile ile. Wote wawili walikopa kwa mabwana wao. Mmoja alikopa kwa bwana aliyeshindwa mwaka 1948, mwingine kwa bwana aliyeondoka huku ameacha vyuo na vyeo. Usafi wa lugha, katika shauri hili, ulikuwa jina la heshima la kitu kingine.

Jimbo lilipasuka tarehe 2 Juni 2014, Telangana ikawa peke yake. Ingekuwa ni kutia chumvi kusema kwamba lahaja ndiyo iliyolipasua. Watu waligombania maji ya mito, kazi za serikali, fedha za bajeti na mji wa Hyderabad, na ahadi zilizotiwa saini na viongozi mwaka 1956 ambazo Telangana ilisema hazikutimizwa. Lakini maji na fedha hupimwa kwa vipimo, na palipo na vipimo wenye nia wanaweza kupatana. Kicheko hakina kipimo. Alama iliyobebwa katika nyimbo na mikutano ya kudai jimbo ilikuwa ni usemi ule ule uliochekwa, na waliousema kwa kunong'ona sasa waliusema kwa kipaza sauti.

Ni wajibu kumsikiliza na mtetezi wa lugha sanifu, maana hana hoja dhaifu. Atasema kwamba kitabu cha hesabu hakiwezi kupigwa chapa kwa lahaja nne. Kwamba daktari, hakimu na mhandisi hawana budi kuwa na neno moja kwa kitu kimoja. Kwamba mtoto wa maskini ndiye anayedhurika zaidi akifungiwa katika usemi wa kijiji chake, hali mtoto wa tajiri atajifunza Kiingereza na kwenda zake. Haya ni kweli. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaijua kweli hii kwa karibu, kwa kuwa Kiunguja kilichaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili cha shule, na Kimvita, chenye hazina kubwa ya mashairi, kikawekwa kando. Vizazi vilivyofuata vilipata vitabu, na hapana mtu mwenye akili atakayetaka vichomwe. Walakini Mmvita aliyeyatoa maneno yake kwa ajili ya vitabu hivyo alitoa kitu, na Muunguja hakutoa kitu kama hicho. Kumwambia wa kwanza kwamba hakupoteza lolote, kwa kuwa alichokuwa nacho hakikuwa Kiswahili fasaha, ni kumnyang'anya mara ya pili.

Hapa ndipo penye kiini cha shauri. Kuchagua usemi mmoja kuwa chombo cha wote si dhuluma. Jumuiya yoyote yenye shule hufika hapo. Anayekubali kutumia usemi wa jirani yake kwa manufaa ya wote amewakopesha wenzake, naye anawadai. Hadai warudishe usemi wao nyuma. Anadai heshima, nafasi katika vitabu, na masikio yaliyojifunza kumsikia bila kucheka. Dhuluma huanza pale wadeni wanapojisahau wakajiona kuwa ndio wakopeshaji, kana kwamba waliwapa wenzao zawadi ya lugha.

Wakurdi hawajaepuka mtihani huu. Wamechelewa tu kuufikia, kwa kuwa hawakuwa na shule za kugombania. Katika Irak ya kaskazini, walipopata serikali yao ya ndani, na hasa baada ya katiba ya mwaka 2005 kukifanya Kikurdi kuwa lugha rasmi pamoja na Kiarabu, swali liliulizwa papo hapo: Kikurdi kipi? Mwaka 2008 kundi la waandishi na wasomi liliomba Kisorani kitangazwe kuwa lugha rasmi. Hoja yao ilikuwa ya vitabu: Kisorani kilikuwa kimesomeshwa tangu siku za mamlaka ya Waingereza, kikapata istilahi, magazeti na sarufi, wakati Kikurmanji kilikuwa kimezibwa mdomo. Watu wa Duhok na pande za Badinan, ambao ni Wakurmanji, walijibu kwa hoja ya hesabu: Wakurdi wengi zaidi duniani husema kama wao. Tazama jinsi hoja hizi zisivyokutana. Wa kwanza anahesabu vitabu, wa pili anahesabu vinywa, na hapana mizani inayopima vyote viwili. Tena hoja ya vitabu ina kasoro ya peke yake, kwani inamhukumu Mkurmanji kwa umaskini ambao haukutokana na uvivu wake bali na sheria za watu wengine. Aliyekatazwa kuandika hawezi kuulizwa mbona hakuandika.

Mtihani mgumu kupita wote ni ule wa Kizazaki na Kihawrami. Wanazuoni wengi wa lugha za Kiirani, na miongoni mwao D. N. MacKenzie aliyechapa uchunguzi wake wa lahaja za Kikurdi mwaka 1961 na 1962, wamesema kwamba semi hizi mbili, kwa historia ya sauti zake na sarufi yake, si matawi ya Kikurdi. Wahawrami wengi hujiona kuwa Wakurdi bila mashaka. Na Kigorani, usemi wa ushairi ulio ndugu wa Kihawrami, ulikuwa lugha ya fahari ya watawala wa Ardalan huko Sanandaj, hata watu waliosema Kikurdi kingine nyumbani walitunga kwa huo. Miongoni mwa Wazaza nia zimegawanyika: wako wasemao ni Wakurdi tangu babu na babu, na wako wasemao ni taifa la peke yao.

Sasa, serikali ya Uturuki kwa miaka mingi iliwaambia Wakurdi kwamba wao ni Waturuki wa milimani waliosahau lugha yao, na kwamba hicho wanachokisema ni usemi ulioharibika tu. Mkurdi aliyekataa maneno hayo alikuwa na hoja gani? Hakuwa na jeshi wala sarufi iliyothibitishwa. Alikuwa na neno lake mwenyewe, kwamba yeye ndiye anayejijua. Hoja hiyo ikiwa yatosha kwa Mkurdi mbele ya Mturuki, itawezaje kuwa haitoshi kwa Mzaza mbele ya Mkurdi? Wako Wakurdi wenye bidii wanaojibu kwamba kumwachia Mzaza aondoke ni kuwapa adui nguvu, kwa kuwa hapo zamani wagawanyaji walitumia tofauti hizo hizo kuwadhoofisha. Hofu yao ina msingi katika historia. Lakini hofu ya adui haimpi mtu haki juu ya jina la mwenziwe. Na vivyo hivyo mwanazuoni wa Ulaya mwenye orodha ya sauti hana uwezo wa kumtoa Mhawrami katika umoja anaoutaka: orodha yake yaweza kuwa sahihi yote, nayo ikawa haikujibu swali aliloulizwa. Amesema sauti zimetoka wapi. Hakuulizwa watu wanataka kwenda na nani.

Kwa hiyo majibu mawili huchanganywa yasiyopaswa kuchanganywa. Umbali wa lahaja na lahaja ni jambo la kuchunguzwa, na mchunguzi hana sababu ya kumwogopa mtu yeyote. Umoja wa lugha, kwa maana ya watu kukubali jina moja na chombo kimoja, ni ahadi, na ahadi yataka pande mbili. Ndiyo maana umbali wa Kikurmanji na Kisorani haukuivunja ahadi ya Wakurdi, na ukaribu wa Warangal na Vijayawada haukuiponya ya Watelugu.

Kuna kazi moja katika habari ya Kitelugu inayostahili kutazamwa na kila mwenye kushughulikia lahaja. Bhadriraju Krishnamurti, mwanaisimu aliyefariki mwaka 2012, aliongoza uchunguzi wa maneno ya kazi za mikono katika mikoa yote ya Kitelugu. Buku la kwanza, la maneno ya kilimo, lilitoka mwaka 1962; la maneno ya wafumaji wa nguo lilifuata mwaka 1971. Watafiti hawakwenda kuuliza ni nani asemaye vizuri. Walikwenda kwa mkulima kumwuliza jina la kila sehemu ya jembe lake, na kwa mfumaji kumwuliza jina la kila mti na kila uzi wa mtambo wake, wakaandika neno na mahali linaposemwa. Neno la Telangana liko hapo kando ya neno la delta, wala hapana lililowekewa alama ya kosa. Kazi kama hiyo haikuzuia jimbo kupasuka, na haikukusudiwa kuzuia. Ilionyesha tu kwamba inawezekana watu kuwa na lugha sanifu kwa vitabu vyao vya hesabu na bado wakaandika katika kamusi, kwa adabu, kile ambacho mfumaji wa mji mdogo amekiita uzi wake maisha yake yote. Kaloji Narayana Rao, mshairi wa Telangana aliyefariki mwaka 2002, alikuwa akidai jambo lililo karibu na hilo alipotofautisha lugha ya shuleni na lugha ya mazungumzo, na kutaka ya pili isiingie darasani kama mshitakiwa.

Leo Andhra Pradesh huadhimisha siku ya lugha ya Kitelugu tarehe 29 Agosti, ambayo ni siku aliyozaliwa Gidugu Ramamurthy. Telangana, tangu mwaka 2014, huadhimisha siku ya lugha yake tarehe 9 Septemba, siku aliyozaliwa Kaloji. Hati ni moja, na sarufi kwa sehemu kubwa ni moja, na baina ya sikukuu mbili mna siku kumi na moja. Wakurdi nao wana tarehe 15 Mei, siku lilipotoka toleo la kwanza la *Hawar* mwaka 1932. Gazeti hilo lilikuwa la Wakurmanji. Walakini katika kurasa zake Kisorani nacho kilichapwa, na matoleo ya mwanzo yalitumia hati ya Kiarabu pamoja na ya Kilatini, ili asiyeijua moja aisome nyingine.